Sifuri ya Chumba cha Nne

Hakuna mtu aliyelijua lile jimbo kama kinyozi. Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe, na aliyasema kila asubuhi mashine ikiwaka: "Jimbo hili mimi nalijua kichwa kwa kichwa. Nitajie mtaa, nikutajie mbunge." Wateja wakambatiza jina la Profesa, naye akaitika bila haya. Shule aliiacha kidato cha nne, cheo hakikuwa na mwenyewe, basi akakivaa.

Duka lake la kunyolea lilikuwa chumba kimoja, katikati ya duka la mitungi ya gesi na chumba cha Mama Cherehani, fundi nguo mwenye miwani minene na ulimi mfupi. Ndani kulikuwa na viti viwili: kimoja cha kunyolea, kingine kilichovunjika mguu, cha kusubiria. Ukutani kulikuwa na kioo, na picha ya vichwa ishirini vyenye nambari ili mteja achague wake, ingawa akishachagua nambari saba Profesa humnyoa nambari mbili, maana ndiyo aliyoijua.

Ukikaa kwenye kile kiti, historia ya jimbo unaipata bure. Kwamba zamani pale palikuwa mkia tu wa jimbo la mjini, mpaka Tume ya Uchaguzi ilipoukata mkia ukawa mnyama mzima. Kwamba uchaguzi wa kwanza alishinda Mwalimu Mkuu mstaafu, kwa sababu kila mwenye umri wa kupiga kura alikuwa ameshachapwa naye na hakuna aliyetaka kurudiwa. Wa pili akashinda tena, safari hii kwa huruma, macho yakiwa yameshaacha kuona. Wa tatu akaingia mwenye kiwanda cha mabati, mtu aliyeezeka shule, soko na nyumba tatu za ibada, na tangu hapo mvua ikinyesha kila mtu anaisikia sauti ya mbunge wake. Wa nne Mzee wa Mabati tena. Wa tano Mzee wa Mabati tena, na kiwanda kilikuwa kimeshafungwa.

"Sasa sikiliza," Profesa angesema, akikugeuza kidevu kama mtu anayegeuza embe sokoni. "Jimbo hili lina vipande vitatu. Magetini, wenye kuta na mbwa; wale hawapigi kura, wanalalamika tu. Kotazi, wafanyakazi wa zamani wa kiwanda; wale hupiga kura hata wakiwa hoi. Na Viwanja Vipya, wanaojenga. Wale wanalala hapa, lakini kadi zao ziko walikozaliwa. Alfajiri jimbo zima linakwenda mjini kutafuta riziki, jioni linarudi kulala. Jimbo la kulala hili. Anayeshinda ni yule anayeota vizuri."

Wateja hucheka. Ukiwa na wembe shingoni, hucheka hata kisichochekesha.

Huyo Profesa alikuwa na dada, mkubwa wake wa tumbo moja, mkunga wa zahanati iliyo kando ya barabara kuu. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipokea watoto wa watu pale. Baba na mama yao walipofariki mapema, ni yeye aliyemlea mdogo wake, akamfunga vifungo vya shati mpaka darasa la tano. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono ya moto. Mwaka ule mashine ya oksijeni ya zahanati ilikufa, akaandika barua kwa mbunge mara sita, akajibiwa mara moja kwa kalenda ya mwaka mpya yenye picha ya Mzee wa Mabati anatabasamu. Ile kalenda ndiyo iliyomtia ndani ya siasa. Vyama viwili vya upinzani vikamfuata, kimoja kikampata.

Tatizo lilikuwa moja. Sheria ilisema mtumishi wa umma akitaka kugombea, kwanza aache kazi. Akishindwa, kazi haimngojei. Naye alikuwa na miaka arobaini na tisa, umri ambao mwajiri anakuangalia mvi kwanza, vyeti baadaye.

Akaja kinyozini siku moja mchana, akakaa kwenye kile kiti kibovu kwa uangalifu.

"Mdogo wangu," akasema, "hawa wa chama wananisifia, na mtu anayekusifia hakwambii kweli. Wewe jimbo unalijua. Nikiandika barua ya kuacha kazi, napita au sipiti?"

"Nipe wiki tatu, Dada."

Kwa wiki tatu Profesa akafanya utafiti. Kila aliyekaa kwenye kiti alipakwa povu, akawekewa wembe chini ya koo, kisha akaulizwa kwa upole: "Eti, dada yangu akigombea, utampa?" Na kila jibu likawekewa alama nyuma ya kalenda, ile ile ya Mzee wa Mabati. Wiki ya tatu ilipoisha alama zilikuwa zimejaa mpaka pembeni. Kotazi wanampa. Magetini wanampa. Wazee wa kadi za zamani, wale waliompigia Mzee wa Mabati tangu nywele zao zikiwa nyeusi, nao wanampa, wote, bila hata mmoja kusitasita. Juu yao akaongeza kina mama wa zahanati, akawapigia hesabu ya watoto waliozaliwa miaka ishirini na miwili, akatoa waliohama.

"Unapita, Dada," akamwambia. "Kwa kura elfu mbili. Andika barua."

"Una hakika?"

"Nimeuliza vichwa mia nne na kumi. Vichwa havidanganyi."

Dada akaandika barua usiku uleule, akaipeleka asubuhi.

Sasa hapa kuna jambo ambalo Profesa hakuwahi kumwambia mtu, na mimi nalisema kwa masikitiko kwa sababu nalo lilianza kama mzaha. Huyu mwanahistoria wa jimbo, mtaalamu wa chaguzi tano, hakuwahi kupiga kura hata moja. Kadi alikuwa nayo, ya uchaguzi wa kwanza kabisa, jina lake likiwa chumba cha nne katika shule ya msingi, hatua mia mbili kutoka dukani. Lakini siku ya kura ni mapumziko. Ndiyo siku pekee ambayo wanaume wa jimbo la kulala wanaonekana mchana, na mwanamume akionekana mchana hukumbuka kwamba ana nywele. Foleni ya kinyozi ilikuwa ndefu kuliko ya kituo. Uchaguzi wa kwanza akasema nitakwenda saa nane. Saa nane ikapita. Wa pili akasema mmoja nikikosa mimi si kitu. Akaona haya kuonekana na kidole cheupe, akakichovya kwenye rangi nyeusi ya kupaka ndevu za wazee wanaokataa kuzeeka. Kikatoka kizuri. Tangu hapo ikawa desturi.

Siku ya kura ya Dada aliapa kwamba atakwenda. Aliapa kweli, peke yake, mbele ya kioo. Saa nne akasema bado vichwa vitatu. Saa saba vikawa tisa. Kila aliyekaa alikuwa na kidole cha wino na neno tamu: "Tumeshampa, Profesa, lala usingizi." Elfu mbili, akajiambia. Mmoja katika elfu mbili ni nini? Saa tisa na nusu alikuwa anamaliza kichwa cha dereva mmoja mwenye vipara viwili vya kuzungushia. Alipopangusa shingo ya mwisho na kutazama saa, saa kumi ya kufunga vituo ilikuwa imepita dakika ishirini. Akafungua kikopo cha rangi.

Jioni Dada akapita, uso umechoka, akanyoosha kidole chake chenye wino. Profesa naye akanyoosha chake. Wakavigusanisha kama watoto.

"Ulipiga chumba gani?"

"Cha nne. Kile cha kadi za zamani."

"Ukanipa?"

"Sasa Dada, nimpe nani? Kioo?"

Dada akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka mwaka ule.

Matokeo yakasomwa kesho yake mchana. Mzee wa Mabati elfu saba mia nne na kumi na mbili. Mkunga elfu saba mia tatu arobaini na tisa. Tofauti, kura sitini na tatu. Watu sitini na tatu wanaingia kwenye basi moja ukiwabana.

Jumatatu iliyofuata wakaja kina mama, kumi na kitu, na watoto mgongoni, wakamkuta Dada kinyozini. Walilia kabla ya kusalimia.

"Mkunga wetu, tungekupa sote," mmoja akasema. "Lakini sisi tuko ng'ambo ya barabara. Walitupa karatasi za watu tusiowajua."

Profesa akasimama na mashine mkononi, inaunguruma hewani. Mpaka wa jimbo ulihamishwa na Tume tangu uchaguzi wa tano, ukapita katikati ya barabara kuu. Zahanati ikabaki huku, nusu ya wazazi wake wakabaki kule. Habari hiyo alikuwa ameihubiri miaka mitano kwenye kiti kile, kwa tarehe na jina la mwenyekiti wa Tume. Kwenye hesabu yake akasahau kuwatoa wale wa ng'ambo.

"Ulilijua hilo?" Dada akamuuliza, kina mama walipoondoka.

"Nililijua."

Dada akaitikia kwa kichwa, akatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Zahanati ilikuwa na mkunga mwingine sasa, binti mwenye haraka, aliyemwambia Dada kwa adabu zote kwamba wageni wakae benchi la nje. Dada alirudi na koti lake jeupe ndani ya mfuko wa nailoni. Toka siku ile akawa anakuja kinyozini asubuhi, anakaa kwenye kiti kibovu, anatazama barabara. Gari la wagonjwa likipita anasimama, kisha anakumbuka, anakaa. Mikono yake ikawa haina la kufanya. Wateja wakanyolewa kimya. Na jirani Mama Cherehani, ambaye maneno yake mafupi yangefaa siku kama zile, hakuwapo. Siku ya pili baada ya kura alisafiri kwa binti yake aliyejifungua.

Wiki ya pili Dada akachukua daftari la shule na kalamu, akaanza kuzunguka vituo. Karatasi za matokeo zilikuwa bado zimebandikwa kwenye milango ya madarasa, mvua imeshazilamba. Akanakili moja moja. Siku ya nne akaingia kinyozini mbio, na uso wake, Profesa aliuona kwenye kioo, ulikuwa uso wa zamani.

"Wameiba," akasema.

Mteja akageuka na povu shavuni.

"Shule ya msingi, chumba cha nne. Waliopiga, thelathini na wanane. Mzee wa Mabati, thelathini na nane. Zilizoharibika, hakuna. Mimi," akageuza daftari ili aone, "sifuri."

Profesa akatazama ile sifuri. Ilikuwa imeandikwa duara, safi, kama yai.

"Sifuri haiwezekani," Dada akaendelea, sauti inatetemeka kwa furaha. "Wewe ulipiga humo. Ulinipa. Kwa hiyo hata kama dunia nzima ilinikataa, pale ilitakiwa iwe moja. Wakili wa chama anasema tofauti ni ndogo, chumba kimoja kikithibitika kimechezewa jaji anaweza kufuta jimbo zima. Tunarudia uchaguzi. Anataka kiapo chako tu. Mdogo wangu, kura yako moja imeniokoa."

Akamshika mkono wenye mashine, akaubana.

Hapo ndipo mtu mwenye ujasiri angesema kweli. Profesa alifungua kinywa, akatoa: "Lini?"

"Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne. Akawaza kwa haraka ya mwizi. Si lazima awe yeye. Wazee wa chumba cha nne wote walisema watampa. Akipata mmoja tu, mmoja wa kweli, huyo ndiye aape, na uongo wake yeye ufe kimyakimya bila mazishi. Akafunga duka mchana, jambo lisilowahi kutokea, akawafuata majumbani. Safari hii hakuwa na wembe.

Wa kwanza, mlinzi mstaafu wa kiwanda, alikuwa anamwagia maua maji. "Mimi? Nilimpa Mabati. Siku zote nampa Mabati."

"Lakini uliniambia kwenye kiti..."

"Profesa." Mzee akaweka kopo chini. "Ulikuwa umenishikia wembe kooni, unaniuliza habari za dada yako. Ulitaka niseme nini?"

Wa pili akasema hivyohivyo, akaongeza kwamba dada yake ni mtu mwema, alimpokelea wajukuu wanne, lakini bunge si leba. Wa tatu hakusubiri swali. "Kama umekuja kwa ajili ya ile kura, nisamehe. Paa langu lile ni lake," akanyoosha kidole juu. Wa nne mkewe alisema hayupo, na miguu yake ilionekana chini ya pazia.

Akarudi kwa miguu, akipita Kotazi, nyumba za safu moja, milango ya rangi moja iliyobanduka. Vichwa mia nne na kumi. Hakuwahi kuuliza hata kichwa kimoja kilichokuwa huru kujibu. Ile sifuri ilikuwa ya haki kuliko chochote alichowahi kusema maishani mwake, hakuna aliyeiba. Na Dada kule nyumbani alikuwa anapiga pasi gauni la kwendea kwa wakili.

Alimkuta akiimba kidogo, bila maneno. Koti jeupe nalo lilikuwa limefuliwa, limetundikwa.

"Umetoka wapi?" Dada akauliza.

"Kutembea tu."

"Kula. Umekonda wewe. Nikirudia nitakupa kazi ya kuwa msemaji wangu, maana mdomo unao."

Akala. Akajiambia uongo mdogo ukikamata wizi mkubwa hauna dhambi, na Mzee wa Mabati lazima aliiba mahali fulani, kama si chumba hiki basi kingine. Mtu hakai miaka kumi na mitano kwa mabati matupu. Akajiambia mengi. Aliyaamini kwa zamu, hakuna hata moja lililofika asubuhi.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja nao. Wakili alikuwa binti mwembamba mwenye muhuri mkubwa. Feni ilizunguka, karatasi zikashikiliwa na jiwe. Akawakalisha, akasoma kwa sauti ya kesi:

"'Mimi, kinyozi, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa kwamba siku ya uchaguzi nilifika kituoni, nikapewa karatasi katika chumba cha nne, na kura yangu nikampa dada yangu wa tumbo moja.' Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema Profesa.

"Unajua kiapo cha uongo ni jela?"

"Najua."

"Huyu," Dada akasema, mkono begani kwake, "hajawahi kukosa uchaguzi hata mmoja."

Wakili akasukuma kalamu. "Kabla hujasaini, tuna shahidi wa pili, wa kukutia nguvu. Wakala wenu wa chumba hicho. Alikuwa amesafiri, nimemwita, amerudi jana."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Mama Cherehani, anahema kwa ngazi, mkoba kifuani. Siku ya kura alikuwa ameacha nguo za watu akaenda kukaa kama wakala wa Dada, kazi ya kutazama sanduku na kumpigia mstari kila aliyeingia. Profesa alijua kwamba alikuwa wakala. Chumba gani, hakuwahi kuuliza. Mawakala wote aliwahesabu kwa jumla.

"Poleni, wanangu. Binti yangu amepata wa kike." Akakaa, akavaa miwani, akatoa mkobani karatasi zilizokunjwa mara nne, nakala ya daftari la wapiga kura. Kila aliyepiga alikuwa amepigiwa mstari mwekundu kwa rula, ulionyooka kama pindo la shati. "Mkunga, ile sifuri nilisaini kwa machozi. Nilihesabu mwenyewe mara mbili."

"Haiwezekani, mama," Dada akasema kwa upole. "Huyu alikuwa humo. Mtafute hapo, nambari mia na kumi na saba."

Mama Cherehani akamtazama Profesa juu ya miwani. Kisha akateremsha kidole kwenye karatasi, polepole, kama anayefuata mshono.

"Mia na kumi na tano, alikuja. Mia na kumi na sita, yule wa mkongojo, alikuja." Kidole kikasimama. "Mia na kumi na saba ni nyeupe."

Feni ikazunguka.

"Labda mama ulikuwa umetoka kidogo," Profesa akasema. "Msalani, labda."

"Sikunywa maji siku nzima, mwanangu, ili nisitoke." Hakusema kwa ukali. "Tena nilikuwa nakungoja wewe. Nilikuwa naiona foleni yako kutoka dirishani. Saa kumi ilipofika karani akataka kufunga mlango, nikamwomba: subiri kidogo, baba, kuna ndugu wa mgombea hajafika, duka lake liko hapo tu."

Wakili akairudisha kalamu upande wake wa meza. Mkono wa Dada ulikuwa bado begani kwa mdogo wake. Uliondoka taratibu, ukarudi mapajani. Hakumtazama. Alimgeukia Mama Cherehani.

"Akasubiri mpaka saa ngapi?"

"Kumi na dakika kumi. Akasema hawezi tena."